Ukiambiwa "ipo", uliza ipo kwa nani

Friji ya milango miwili, rangi ya fedha, imepigwa picha ikiwa juu ya maboksi. Picha hiyo hiyo utaikuta kwenye kurasa kadhaa za Instagram, kila ukurasa na bei yake, na mwenye ukurasa ukimuuliza atakujibu: "Ipo mpendwa, karibu." Friji yenyewe imo kwenye duka la jumla Kariakoo, na kati ya wote wanaoitangaza hakuna hata mmoja anayeimiliki.

Wanaofanya kazi hii mjini wanaitwa mawinga. Asubuhi mwenye duka anatupia picha na bei ya jumla kwenye grupu la WhatsApp. Winga anazichukua, anaweka cha juu chake, anazirusha kwenye ukurasa wake. Mteja akilipa, winga anakwenda dukani, anatoa mzigo, anampa bodaboda. Mimi sioni ubaya hapo. Amekuondolea nauli, jua na kusukumana Mtaa wa Kongo, na cha juu ndiyo ujira wake. Anayeagiza China kwa oda naye ni mfanyabiashara halali, ilimradi amekueleza kwamba mzigo unakuja kwa meli na utasubiri. Kosa linaanza pale kitu kisichokuwepo kinapotangazwa kana kwamba kipo, na pesa yako ikachukuliwa kwa maelezo hayo.

Picha ya asubuhi haijifuti mzigo ukiisha. Saa nane mchana friji ya mwisho imeshaondoka, tangazo bado linasema ipo, na wewe uko Mbeya unatuma pesa. Winga anafika dukani anaambiwa zimeisha. Akiwa mwaminifu anakupigia saa hiyo hiyo na kukurudishia. Lakini pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu anayedaiwa kodi na ada za watoto, haikai. Ndipo unapoanza kusikia mzigo unapakiwa kesho, dereva hapokei simu, boda kapata ajali. Ukifuatilia mashauri ya aina hii utakuta wengi hawakuanza wakiwa matapeli. Walikula pesa ya mteja wa kwanza, friji yake wakainunua kwa pesa ya mteja wa pili, na wa pili akawekwa asubiri wa tatu. Mambo yanakwenda hadi wiki ambayo oda mpya hazikuja. Hapo komenti zinazimwa, simu haipokelewi, mwishowe unablokiwa.

Matapeli wa kuzaliwa nao wapo, wasiojua hata duka lilipo. Kwako wewe mlipaji tofauti yao haionekani hadi pesa imeshakwenda, kwa hiyo wote waulize maswali yale yale.

Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni muuzaji hubanwa na mwenye soko. eBay, kwa mfano, hairuhusu mtu atangaze bidhaa kisha akainunue kwenye duka jingine la rejareja limtumie mteja moja kwa moja. Kwetu soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa 2019, na biashara nyingi ya watu wa kawaida iko Instagram, WhatsApp na TikTok, ambako hakuna anayeishika pesa yako katikati. Inatoka kwako inaingia kwake, basi.

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni atimize oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama mmekubaliana vingine, na bidhaa ikiwa haipatikani akujulishe na akurudishie malipo yako. Yaani pesa, si "chagua kitu kingine cha bei hiyo hiyo". Wauzaji wengi hukimbilia lile tangazo la "bidhaa ikishanunuliwa hairudishwi". Utarudisha vipi bidhaa ambayo hukuipokea?

Ujanja wa kukupa kitu kingine badala ya pesa umewaponza hata wakubwa. Marekani wana kanuni ya tangu 1975, ya enzi za kuagiza vitu kwa posta: muuzaji asitaje muda wa kusafirisha bila kuwa na sababu ya msingi ya kuamini ataumudu, na akichelewa ampe mteja nafasi ya kuchagua kusubiri au kurudishiwa fedha. Mwaka 2020 kampuni ya nguo ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 9.3 kumaliza madai ya FTC, tume ya biashara ya nchi hiyo. Ilidaiwa kwamba mizigo ilipochelewa haikuwajulisha wateja ipasavyo, na kwamba oda ambazo hazikusafirishwa ilizifidia kwa kadi za zawadi badala ya kurudisha pesa.

Sasa tuje kwako, kabla hujaingiza namba ya siri. Swali la "ipo?" halina maana, maana jibu lake unalijua. Andika hivi: "Iko mkononi mwako au dukani kwa mtu? Naomba video fupi sasa hivi, jina langu likiwa kwenye karatasi juu ya boksi, na ile stika yenye namba ya bidhaa (serial number) ionekane." Picha anayo kila mtu, ila video yenye jina lako ataipata aliyesimama mbele ya bidhaa tu. Winga wa kweli ataomba muda kidogo afike dukani akurekodie. Mwingine atakuambia, "Kama huniamini acha." Huo ni ushauri mzuri, ufuate.

Ukiwa mji mmoja naye, lipa baada ya kuona mzigo. Ukiwa mkoani, tanguliza sehemu baada ya video, na inayobaki ilipe mzigo ukishakabidhiwa kwenye basi. Risiti ya basi nayo huchongwa, kwa hiyo ipigie ofisi ya basi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Tumia lipa namba ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha: ukurasa unaitwa duka, jina linalokuja ni la mtu usiyewahi kumsikia, simamisha muamala hadi uelezwe. Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya duka lililotoa bidhaa. Bila hiyo, waranti utakwenda kuidai kwa nani?

Pesa ikishakwama, usifute mazungumzo. Piga picha tangazo, meseji zote na ujumbe wa muamala, kisha mwandikie muuzaji kwa adabu ukitaja tarehe ya mwisho ya kurudishiwa. Wahi huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, na uwaambie ukweli kwamba ni malipo ya bidhaa. Hadithi ya "nilikosea namba" itakugeuka. Ukiona ni utapeli, namba yake iripoti kwa meseji kwenda 15040 na uchukue RB, namba ya taarifa yako, polisi. Muuzaji anayejulikana lakini anakuzungusha, mpeleke Tume ya Ushindani, FCC.

Nanyi mawinga, tangazo la kweli halifukuzi wateja kama mnavyodhani. Andika: "Kwa oda. Nachukua dukani Kariakoo ukishathibitisha. Dar siku 2, mikoani siku 4. Ikikosekana narudisha pesa yote siku hiyo hiyo." Na kabla ya kupokea hata shilingi, mpigie mwenye duka umuulize zimebaki ngapi.