Je, wajua kwa nini baadhi ya watu wenye usonji hujitambua kwa kuchora?

Gregory Blackstock aliosha masufuria katika jiko la klabu moja jijini Seattle, Marekani, kwa miaka 25 hivi. Nje ya kazi alikuwa akichora, na alichochora kilikuwa orodha: misumeno ya kila namna, safu kwa safu, kila mmoja na jina lake chini, ndege vivyo hivyo, visu vivyo hivyo. Blackstock, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa na usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri jinsi mtu anavyohisi mambo na kuwasiliana na wengine, na michoro yake ilikuja kuonyeshwa katika majumba ya sanaa. Ukiitazama harakaharaka utadhani ni kurasa za kamusi ya picha. Ukikaa nayo kidogo utaona jinsi mtu mmoja anavyoupanga ulimwengu ili aweze kuishi ndani yake.

Hapo ndipo jibu linapoanzia. Mchoro huacha alama za njia ambayo macho na mawazo ya mchoraji yamepita. Mtu mwenye usonji mara nyingi hajawahi kuonyeshwa njia yake hiyo. Ameonyeshwa tu pale anapokosea.

Tazama jinsi usonji wenyewe ulivyoelezwa. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili za watoto nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, na tangu hapo waliousimulia zaidi ni wale wanaoutazama kwa nje: mtoto haangalii mtu usoni, hachezi na wenzake, haitikii akiitwa. Suala la hisi, yaani mwanga unaochoma, kitambaa kinachokwaruza au sauti tatu zinazoingia kwa nguvu ileile, liliingizwa katika vigezo vya mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Miaka 70 baadaye! Ndiyo maana mtu mzima anayegunduliwa leo kuwa na usonji hupokea ripoti iliyojaa "ana upungufu wa" na "anashindwa", akabaki na swali ambalo ripoti haikuligusa: sasa mimi nikoje?

Uzuri wa penseli ni kwamba haidai uwe na jibu kabla ya kuanza. Watu wengi wakichora nyumba hutangulia na umbo la jumla, kisha mlango, kisha madirisha. Wapo wenye usonji wanaoanza na bawaba ya dirisha moja, wakaimaliza, wakahamia kwenye kioo, hadi nyumba nzima ikajitokeza kutoka kwenye kona hiyo. Mwaka 1983 watafiti Amitta Shah na Uta Frith wa London waliripoti kwamba watoto wenye usonji waliwazidi wenzao waliolinganishwa nao katika kutafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Wanasayansi wamebishana tangu hapo: je, huo ni udhaifu wa kuona jumla au ni nguvu ya kuona sehemu? Kwa mchoraji ubishi huo hauna uzito mkubwa. Yeye anachokiona ni kwamba bawaba ilimjia kwanza, na kwamba aliyeketi kando yake hakuiona kabisa. Tofauti ambayo aliwahi kuihisi tu sasa imelala mezani, anaweza kuinyooshea kidole.

Kuna pia kurudia. Kuyumba, kuzungusha mkono, kupanga na kupangua vitu ni mambo ambayo watoto wengi wenye usonji hugombezwa kwayo. Kwenye karatasi, mwendo uleule wa mkono hugeuka mstari, na hakuna wa kuuliza kwa nini haukomi. Dan Miller, msanii wa California mwenye usonji, huandika maneno juu ya maneno hadi hayasomeki tena, ukabaki uzito wa wino tu. Nnena Kalu wa Uingereza, mwenye usonji na ulemavu wa kujifunza, huchora mizunguko mikubwa iliyorudiwarudiwa, mara nyingi akitoa michoro miwili au mitatu inayofanana. Huviringisha pia vitambaa na tepu kuwa maumbo makubwa yanayoning'inia. Desemba 2025 alishinda Tuzo ya Turner, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa nchini kwake.

Lakini nadhani sababu iliyo nzito zaidi ni uchovu wa kujificha. Watu wengi wenye usonji, hasa wanawake na wale waliogunduliwa ukubwani, wametumia miaka mingi kujifunza kutabasamu kwa wakati, kukaza macho usoni mwa mtu, kuzuia mikono. Mazungumzo hayakungoji ufikirie, picha hukungoja. Unaweza kuiacha ikusubiri wiki nzima, ukaifuta, ukaigeuzia ukutani. Haina uso wa kuusoma. Mtu aliyezoea kuigiza mbele ya wengine hupata mahali ambapo uigizaji hauna mtazamaji, na baada ya muda huanza kugundua anachokipenda kweli: rangi ipi inamtuliza, umbo gani analirudia bila kuagizwa. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao hutoka pande zote mbili. Picha huhamisha sehemu ya kazi ya kuelewana: safari hii anayetazama ndiye anayelazimika kujitahidi kuelewa.

Niseme neno kuhusu Stephen Wiltshire, mchoraji mwenye usonji, kwa kuwa jina lake haliepukiki. Mwaka 2005 Mwingereza huyu aliitazama Tokyo kutoka kwenye helikopta, kisha akaichora kwa kumbukumbu kwenye turubai ya urefu wa mita 10 hivi. Ni kazi ya kustaajabisha, ila sifa zikaishia kwenye kumbukumbu, na vyombo vya habari vikamwita kamera. Kamera haina mkono wake, wala haichagui mstari. Tena hadithi hiyo imewaumiza wengine, maana walio wengi wenye usonji hawana kumbukumbu ya aina hiyo, na mtoto anayechora vibanda vilivyopinda hapaswi kuonekana kama aliyefeli mtihani wa kipaji.

Wala kuchora hakumfai kila mtu. Chaki huwasisimua baadhi yao ngozi vibaya, udongo mbichi hauvumiliki, harufu ya rangi ya mafuta humfukuza mtu chumbani. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alipoeleza kwamba yeye hufikiri kwa picha, wengi walidhani wenye usonji wote wako hivyo. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba wapo wanaofikiri kwa maneno au kwa mpangilio wa ruwaza.

Na wapo wasiozungumza, au wanaozungumza kidogo, kama Kalu. Kwao ni rahisi mno kwa msaidizi, mzazi au mwandishi wa makala kama hii kusema mchoro fulani "unamaanisha" usonji wao. Tunachoweza kukieleza ni kile mikono ilichofanya: nyenzo iliyochaguliwa, mwendo uliorudiwa, mahali mchoraji alipoamua kwamba kazi imekwisha. Kama anajiona mtu mwenye usonji anapochora, au anajiona msanii tu, ni yeye wa kulisema hilo akitaka.