Ibara ya 15 haisemi "jitafutieni"

Huku Lubumbashi ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti ibara ya 15 ya Katiba ya nchi yetu, Kongo (DRC), inasema "débrouillez-vous", kila mtu ajitafutie. Hapana. Fungua Katiba ya Februari 18, 2006: ibara hiyo inazitaka mamlaka za umma zihakikishe ukatili wa kingono unatokomezwa.

Maneno yale ni utani, tena una umri mkubwa kuliko Katiba hiyo. Hadithi fupi za kejeli zimeulea: mwalimu asiyelipwa anauza makaa jioni, akiulizwa kibali anajibu "ibara ya 15", na askari, ambaye naye hajalipwa, anacheka na kumpisha. Nani huku hajayaona hayo? Ndiyo maana tunaamini. Hata mimi niliwahi. Hadithi isimulieni, ila ujumbe huo msiusambaze tena.