Leirufjörður: fyodi inayojazwa tope na barafu

Kaskazini-magharibi mwa Aisilandi kuna ghuba iitwayo Jökulfirðir, inayogawanyika kuwa fyodi tano, yaani mikono myembamba ya bahari katikati ya milima. Hakuna barabara ya kawaida inayofika, na hakuna anayeishi huko mwaka mzima. Kiangazi watu huja kwa boti kutoka Ísafjörður. Kati ya hizo tano, mimi naipa uzito Leirufjörður, kwa kuwa kazi ya barafu humo bado inaendelea.

Tazama kwanza kuta zake. Ni basalti: lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa, zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Katikati ya tabaka hizo tafuta ukanda mwembamba mwekundu. Hilo ni jivu na udongo uliokaa juani na mvuani hadi ukapata kutu, kisha lava nyingine ikaufunika. Pale ukanda ulipo, volkano ilitulia kwa muda mrefu. Siku hizi hakuna volkano hai hapa. Milipuko iko mbali, upande wa kusini na mashariki.

Bonde lilichongwa na barafu, bahari ikaingia baadaye. Juu yake bado kuna barafuto (barafu nene ya kudumu inayosogea polepole) ya Drangajökull, ambayo kilele chake ni kama mita 925 tu. Ulimi wake unaoshukia Leirufjörður hurudi nyuma polepole kwa miongo mingi huku barafu ikilundikana juu. Uzito ukizidi na maji yakibanwa chini yake, huteleza mbele kwa kasi. Mwaka 1995 ulianza kusogea hivyo. Mto unaotoka chini yake hubeba unga wa mwamba uliosagwa, na unga huo ndio unaojaza kichwa cha fyodi.

Ukiliona tambarare hilo la tope kutoka kwenye boti utadhani ni njia ya mkato ya kwenda ng'ambo. Vuka alfajiri, bahari ikiwa imekupwa na mto ukiwa mdogo: barafu huyeyuka mchana, na mto hufura kuanzia alasiri. Chagua pale mto unapogawanyika vijito vingi, si pale unapobana. Maji ni ya rangi ya maziwa, huoni chini, basi pima kwa fimbo kila hatua, usivue viatu, na fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka ulivue upesi. Tope likimeremeta na kutikisika chini ya mguu, rudi ulikotoka. Na usiku ukiwa wa mvua na upepo wa joto, asubuhi mto hautakuwa umepungua. Subiri siku nyingine.