Mkopo wa Bodi na vibarua vya chuoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka hapa Tanzania, maneno yale yale kuhusu mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na vibarua vya wanafunzi huanza kuzunguka vibarazani na kwenye makundi ya WhatsApp. Mengine hayana madhara. Mengine yanawakosesha vijana chuo kabisa, na hayo ndiyo yananiuma.

Baya kuliko yote ni hili: "Bila kumjua mtu Bodi ya Mikopo, hupati kitu." Kijana akishaliamini hujaza fomu bora liende. Kumbe mkopo hupangwa kwa taarifa za uhitaji alizoingiza mwombaji, na taarifa hizo husimama kwa vielelezo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi aweke cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, aweke namba ya kaya. Kurasa za saini zisainiwe zote, mdhamini na serikali ya mtaa wasirukwe, kisha zipakiwe kwenye mfumo zikiwa zinasomeka. Na liko moja dogo linaloponza wengi: namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja huku na nyingine kule, mifumo haitajua kuwa ni mtu mmoja. Sisemi kila mwenye shida hupata, maana fungu haliwatoshi wote. Ila kukosa kwa sababu ya saini moja kunasikitisha sana.

Wengine hudhani jina likishatoka, mambo yamekwisha. Mkopo una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Unaweza kupangiwa hela ya kujikimu huku ada ikibaki juu ya mzazi. Bumu lenyewe, yaani hiyo hela ya kujikimu, tangu mwaka wa masomo 2022/23, ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500 za zamani, na huja kwa mafungu. Laki sita zikiingia kwa mkupuo, kijana wa miaka 19 hujiona tajiri. Ni za siku 60, na ndani yake kuna kodi ya chumba, nauli na kila sahani ya wali.

"Hela ya Serikali hailipwi." Inalipwa, tena kabla mshahara haujakufikia. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Chukua mfano: unadaiwa milioni 12, mshahara wako wa msingi ni 800,000. Makato ni 120,000 kwa mwezi, na utalipa miezi 100, yaani miaka minane na ushee. Hesabu hii ifanywe mezani nyumbani, mzazi na mtoto, kabla ya kuomba. Aliyejiajiri naye hajasamehewa. Anatakiwa kujitokeza, apewe namba ya malipo, alipe kidogokidogo.

Kinyume chake wapo wazazi wanaowakataza watoto kuomba kwa kuogopa deni linalovimba kila mwaka. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaumiza sana walionufaika zamani, iliondolewa mwaka 2021. Tafadhali wafikishieni habari hii.

Tukija kwenye kazi, utasikia "kibarua kinaua masomo." Kinaua kikikesha nawe. Twisheni ya hesabu kwa watoto wa kidato cha pili, Jumamosi asubuhi na jioni mbili za wiki, haimwangushi mtu. Kwa anayesomea ualimu ni mazoezi ya kazi yake. Kuchapa na kubana ripoti za fildi, yaani za mafunzo kwa vitendo, kwenye duka la jirani na chuo pia kunawezekana, kwa sababu unapanga saa zako. Hatari ni zamu za usiku na biashara inayokutaka uwe mnadani wakati wenzako wako kwenye mtihani wa majaribio. Wala usitegemee vibarua hivyo vilipe ada. Vitalipa umeme, bando na mboga, na hilo si dogo.

Mwisho ni wale wanaoambiwa "nenda Ulaya au Marekani, utajisomesha kwa kuosha vyombo." Mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1 Marekani haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mwaka wa kwanza kazi hiyo iwe ndani ya chuo. Uingereza nako kikomo kwa mwanafunzi wa shahada ni saa 20, na kabla ya kupewa viza kwa kawaida hutakiwa kuonyesha hela ya kujikimu hadi miezi 9, iliyokaa benki siku 28 mfululizo. Hela hiyo itafutwe hapa hapa, kabla ya tiketi.