Taarifa binafsi benki: amana isiyokopeshwa

Mkulima akiuza mahindi yake soko la Kibaigwa na kwenda kuweka fedha benki, fedha ile huitwa amana. Ni neno zito. Majumbani kwetu, amana ni mali ya mtu iliyokaa mkononi mwa mwingine, na siku mwenyewe akiitaka anaikuta. Sasa mkulima huyu alipofungua akaunti aliacha pia amana ya pili, ambayo haina risiti: jina lake kamili, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), namba ya simu, mahali anapoishi, alama za vidole, picha, sahihi, kazi inayomwingizia kipato. Hizo ndizo taarifa binafsi.

Kwa maneno mepesi, taarifa binafsi ni habari yoyote inayomtambulisha mtu, iwe peke yake au ikiunganishwa na nyingine. Hapo kwenye kuunganishwa ndipo wengi tunapopitwa. Ukisikia kwamba kuna mama ana milioni 40 benki, hujamjua. Ukiambiwa ni mjane, analima zabibu Hombolo na ana gari moja la kubebea mizigo, kijiji kizima kimeshamjua, na jina lake halijatajwa. Hata namba ya NIDA ina mambo ndani yake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu akiwa na namba hiyo hana haja ya kukuuliza tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya kuzaliwa ni moja ya maswali ambayo huduma kwa wateja huuliza kwenye simu ili kujua kama kweli ni wewe.

Amana hizi mbili hazitunzwi kwa namna moja. Fedha yako huchanganywa na za wengine na benki huikopesha. Ndiyo biashara yake. Taarifa zako haziruhusiwi kukopeshwa. Tena fedha ikipotea kwa benki kufilisika, ipo Bodi ya Bima ya Amana ambayo humlipa mwenye akaunti hadi kiwango cha shilingi milioni 7.5. Alama ya kidole ikivuja hakuna bodi ya kukurudishia kidole kingine. Kwa maoni yangu amana hii ya pili ndiyo inayohitaji ulinzi mkali zaidi, ingawa foleni nzima benki huwa inawaza ile ya kwanza.

Siri ya benki si jambo jipya. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inawabana wafanyakazi wasitoe mambo ya mteja nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwenda mbali zaidi. Chini ya sheria hii, benki inaweza kuwa na kosa hata kama hakuna aliyeropoka: kwa kukusanya zaidi ya inachohitaji, kwa kutumia ulichotoa kwa kazi nyingine, au kwa kukaa na taarifa isiyo sahihi. Na miamala yako ya fedha imewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na alama za kibaiolojia, kama zile za vidole, na taarifa za watoto. Kwa hiyo orodha ya unaomtumia hela kila mwisho wa mwezi si karatasi ya kawaida.

Kwa nini basi benki inauliza mambo mengi hivyo? Sehemu kubwa inalazimishwa. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inaitaka imjue mteja wake na ijue fedha inatoka wapi. Mhudumu anapokuuliza chanzo cha mapato hakufanyii upelelezi wa umbea. Lakini una haki ya kumuuliza naye swali hili linatumika kwa kazi gani, na jibu zuri haliwi "ndivyo fomu ilivyo".

Ndani ya benki, ulinzi unaanza na nani anaona nini. Mfanyakazi huingia kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, na mfumo unaweka alama ya kila akaunti aliyoifungua na saa aliyoifungua. Anayechungulia salio la shemeji yake bila kazi yoyote anaacha nyayo. Taarifa zinaposafiri kati ya tawi na makao makuu husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo ambalo asiye na ufunguo hawezi kulisoma. Namba yako ya siri ya kadi hakuna mfanyakazi anayeihitaji kwa kazi yoyote ile. Ndiyo maana anayekupigia na kujitambulisha kuwa wa benki, kisha akaomba namba ya siri au ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye ujumbe mfupi, unamkatia simu hapo hapo. Namba yake itume kwenda 15040, ambako namba za matapeli huripotiwa bure.

Milango ya kutoa taarifa nje ipo, ila ni ya kisheria: amri ya mahakama, mamlaka zenye nguvu hiyo kisheria, na taasisi za taarifa za wakopaji zinazosimamiwa na Benki Kuu. Mume, bosi au mwenyekiti wa kikundi hawamo.

Udhaifu ninaouona kila siku hauko kwenye kompyuta za benki. Uko kwenye kibanda cha wakala. Wiki chache zilizopita nilikwenda kutoa fedha kwa wakala mmoja hapa mjini Dodoma, akanisogezea kaunta buku nijaze jina, namba ya simu, kiasi na sahihi. Juu ya mstari wangu walikuwapo watu kumi na wanane. Ningeweza kuondoka nikijua nani ametoa laki sita asubuhi ile na simu yake ni ipi. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya benki, kwa hiyo daftari lile pia ni amana. Nilimwomba aweke karatasi kufunika mistari ya juu. Aliweka, bila ubishi.

Ukiona taarifa zako zimetumika vibaya, anza na benki yenyewe, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Una haki ya kuomba kuona wanachokiweka juu yako, kutaka kisahihishwe, na kukataa kutumiwa matangazo. Wakikuzungusha, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Tume inapokea malalamiko, inachunguza na inaweza kutoza faini. Katika barua yako taja tarehe, tawi, na taarifa gani hasa imetoka. Namba ya siri usiiandike hata humo.