Mfuko wa nyongo wa mbwa hauugui peke yake

Mbwa wa makamo anapoletwa kliniki akitapika, akikataa chakula na fizi zikiwa zimeanza kugeuka manjano, sote tunalifikiria ini kwanza, na hilo ni sahihi. Mimi huongeza swali ambalo mwenye mbwa mara nyingi halitarajii: kabla hajaugua, alikuwa akinywa maji kiasi gani? Mbwa anayevuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana jambo la kuchunguzwa, na mara nyingi chanzo chake ni homoni.

Hata akiwa mzima, mfuko wa nyongo hufanya kazi kwa amri ya homoni. Ini hutengeneza nyongo muda wote, mfuko huipokea na kuifyonza maji hadi ikolee, kisha chakula chenye mafuta na protini kinapoingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, seli za hapo humwaga kolesistokinini katika damu. Homoni hiyo huubana mfuko na wakati huohuo hulegeza misuli inayofunga njia ya kutokea, nyongo ikashuka utumboni.

Ugonjwa unaonishughulisha zaidi ni mukoseli, yaani mfuko wa nyongo kujaa ute mzito. Binadamu husumbuliwa hasa na mawe ya kolesteroli. Mbwa husumbuliwa zaidi na ute, unaotolewa kwa wingi na utando wa ndani ya mfuko na kujikusanya hadi nyongo inakuwa nzito isiyosogea. Kwenye kipimo cha altrasaundi, nyongo ya kawaida huonekana nyeusi, na mashapo yakiwemo huteremka upande wa chini mbwa anapogeuzwa. Mukoseli haisogei hata umgeuze vipi, na mistari yake hutawanyika kutoka katikati kama tunda la kiwi lililokatwa. Nikiupasua mfuko wa namna hiyo baada ya kuutoa, kinachotoka ni bonge la kijani kibichi kinachokaribia weusi, limekamatana kiasi kwamba naweza kulinyanyua kwa koleo.

Hapo ndipo kortisoli, homoni ya mwili ya kukabili msongo, inapoingia. Katika ugonjwa wa Cushing, tezi za adrenali humwaga kortisoli kupita kiasi, na kwa mbwa wengi, takriban 85 kwa kila 100, chanzo ni uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba mbwa mwenye Cushing ana uwezekano wa kuwa na mukoseli mara 29 ya asiye na Cushing. Mipaka ya kadirio hilo ni mipana sana, kwa hiyo mimi huuamini mwelekeo wake kuliko tarakimu yenyewe. Kortisoli huongeza mafuta katika damu na kubadilisha mchanganyiko wa asidi za nyongo, na asidi zinazoukera utando huuchochea kutoa ute zaidi. Hata hivyo, mbwa wengi wenye Cushing hawapati mukoseli kamwe, na wapo mbwa wa aina ya Shetland sheepdog wanaoipata bila kasoro yoyote ya tezi, kwa sababu ukoo wao una mwelekeo huo.

Tezi ya thairoidi huathiri kwa njia ya polepole zaidi. Homoni yake ikipungua, kolesteroli hupanda, mwili mzima hupunguza mwendo, na mfuko nao unaweza kuchelewa kujimwaga. Zimeripotiwa kesi chache za mbwa wa aina hii ambao mukoseli yao iliyeyuka bila upasuaji, lakini uchache huo haunipi ruhusa ya kumshauri mtu asubiri mfuko unaokaribia kupasuka.

Jambo ninalolisisitiza kwa madaktari wenzangu ni wakati wa kupima. Mbwa aliye mahututi huwa na kortisoli ya juu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na homoni yake ya thairoidi hushuka hata kama tezi ni nzima, hivyo majibu ya siku hiyo yanaweza kumbambikia ugonjwa asio nao. Kimeng'enya cha ALP, ambacho hupimwa katika damu kutafuta matatizo ya ini na njia ya nyongo, pia hupotosha, kwa kuwa kwa mbwa kortisoli pekee hukipandisha bila njia ya nyongo kuziba. Ni bora kumtuliza kwanza, kumfanyia upasuaji ikiwa mfuko umepasuka au njia imeziba, halafu kupima tezi akishapona. Muulize pia mwenye mbwa kuhusu sindano na vidonge vya steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, vya kutuliza muwasho wa ngozi, maana vikitumika kwa muda mrefu huleta hali ileile ya Cushing, na mtu huvisahau kwa sababu alivipata kwa ajili ya viroboto.

Cushing ikithibitishwa baada ya upasuaji, matibabu kwa kawaida ni trilostani, dawa inayopunguza utengenezaji wa kortisoli, inayotolewa pamoja na chakula na kufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Mfuko ukishatolewa, nyongo hutiririka moja kwa moja utumboni na mbwa huishi vizuri bila mfuko huo, lakini kortisoli isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya damu kuganda mishipani, kwa hiyo wiki za mwanzo huhitaji uangalizi wa karibu.