Fiziotherapia ya kiungo kilicholika si kuchuliwa

Mwanamichezo akianza kulalamikia goti, huambiwa "nenda ukafanyiwe fiziotherapia", na wanaomshauri hivyo huwa wanawaza kitanda, mafuta na mikono ya mtu mwingine. Watangazaji wa mpira nao humwita "fizio" yeyote anayeingia uwanjani mbio na chupa ya dawa ya kupuliza. Kosa hili limerudiwa mno, na linawagharimu watu miaka ya kucheza na kutembea vizuri.

Fiziotherapia ni tiba ya kurudisha au kulinda uwezo wa mwili kujongea na kubeba mzigo, bila dawa wala kisu. Ndani yake mna mazoezi yaliyopimwa, elimu kwa mgonjwa, kusogezwa kiungo kwa mikono, joto, baridi, na vifaa vya kushikilia kiungo. Kulika kwa kiungo, yaani osteoathraitisi, si gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, peke yake kwisha. Kiungo chote hubadilika: mfupa ulio chini ya gegedu huwa mgumu na kuota vinundu pembeni, utando wa ndani huvimba, misuli inayokizunguka husinyaa. Kwa wanamichezo chanzo kikubwa ni majeraha ya zamani. Waliochanika kano ya msalaba ya mbele, inayoshikilia goti kwa ndani, au meniskasi, yaani kijipedi cha gegedu kilicho ndani ya goti, karibu nusu yao huonekana na hali hii miaka 10 hadi 20 baadaye. Maana ndiyo hiyo.

Linalohitaji nafasi zaidi ni tofauti kati ya kile unachofanyiwa ukiwa umelala na kile unachokifanya mwenyewe ukiwa umesimama.

Mkanganyiko huu wa fiziotherapia na uchuaji haukuzuka tu. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, na katika mfumo wake mazoezi na uchuaji vilikwenda pamoja. Mwaka 1894 wauguzi wanne Uingereza waliunda chama cha wanawake waliosomea uchuaji, ili kazi yao isichafuliwe jina na wababaishaji. Mwaka 1920 chama hicho kikawa cha uchuaji na mazoezi ya tiba, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia. Kwa hiyo anayedhani fiziotherapia ni kuchuliwa hajaota. Ameshika sura ya kwanza ya taaluma ambayo imesonga mbele sana tangu hapo.

Na imesonga kwa sababu inayoonekana ndani ya kiungo chenyewe. Gegedu ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu inapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea, unapochuchumaa, unapopanda ngazi. Kiungo kisichobebeshwa mzigo hakipumziki kwa faida. Gegedu yake hudhoofika, na misuli inayopaswa kupokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa hupungua nguvu. Hapo ndipo mfano wa kulinganisha kiungo na tairi unapopotosha. Tairi likiisha limeisha, na kadiri unavyoliendesha ndivyo linavyolika. Kiungo ni kitu hai kinachojibu mzigo: mwingi mno wa ghafla hukiumiza, na uchache wake humwumiza mwenye kiungo polepole bila yeye kujua.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 uliwalinganisha wakimbiaji na wasiokimbia. Osteoathraitisi ya goti au nyonga ilionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba kukimbia ndiko kulikowakinga wa kundi la kwanza, lakini zinatosha kumnyamazisha anayesema kila hatua inasaga goti. Na hilo kundi la mwisho lisifichwe: mzigo mkubwa wa miaka mingi, pamoja na majeraha yake, una athari.

Ndiyo maana kiini cha tiba ni mazoezi ya nguvu na ya kudhibiti mwendo. Goti lililovimba huuzuia msuli wa mbele wa paja kufanya kazi sawasawa, hata mtu akijikaza. Uzuiaji huo hauishi kwa mafuta. Huondoka uvimbe unaposhuka na msuli ukafundishwa upya: kukaa na kuinuka kitini, kupanda kibao, kusimama kwa mguu mmoja huku goti likielekea vidole vya mguu badala ya kuangukia ndani. Mpango wa GLA:D, ulioanza Denmark mwaka 2013 kwa wenye goti na nyonga zilizolika, una vipindi vya elimu na vipindi 12 vya mazoezi yanayosimamiwa, kwa muda wa wiki 6. Hakuna kitanda cha mafuta ndani yake.

Maumivu je? Hapa wengi huacha. Kanuni inayotumika kwenye mazoezi haya ni kwamba maumivu hadi 5 kwa kipimo cha 0 hadi 10 yanavumilika, mradi yarudi kwenye hali yake ya kawaida ndani ya saa 24. Yasiporudi, punguza mzigo, usiache mazoezi. Goti linalokwama lisikunjuke, au lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa, ni jambo jingine na linahitaji daktari mapema.

Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mazoezi ya tiba yatolewe kwa kila mwenye osteoathraitisi. Tiba ya mikono unairuhusu ifikiriwe kwa goti na nyonga tu, tena ikiambatana na mazoezi. Mashine za umeme na za mawimbi ya sauti unasema zisitolewe, kwa kuwa ushahidi wa faida hautoshi. Barafu na joto hupunguza maumivu kwa muda, na kwa mchezaji aliyetoka kwenye mechi hilo si dogo. Kuchuliwa nako hulegeza misuli iliyokaza, na anayependa aendelee. Sina ugomvi na mchuaji.

Kwa hiyo, mchezaji akichuliwa, tuseme amechuliwa. Tukisikia yuko kwenye fiziotherapia, tumwulize anafanya mazoezi gani, uzito kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, na mtaalamu wake ameuongeza lini mara ya mwisho. Akiwa hana jibu, tusimwambie kwamba fiziotherapia imeshindwa kumsaidia. Bado hajapewa, na anaweza kuiomba kwenye miadi yake inayofuata.